Binti wa Baba na Mwana wa Mama: Kujitambua kwa Msichana katika Hadithi za Kiswahili na katika Nchi ya Nachingwea

Katika riwaya za Kiswahili zilizotungwa katika miaka ishirini ya kwanza ya Uhuru, binti aliyeumizwa nyumbani kwao ni mtu ajulikanaye sana. Rosa wa Euphrase Kezilahabi alitokea mwaka 1971 katika Rosa Mistika. Rehema wa Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1976 katika Nyota ya Rehema. Na Maimuna wa Said Ahmed Mohamed mwaka 1980 katika Utengano. Watatu hao hawafanani kwa kabila wala kwa malezi, lakini mwanzo wao ni mmoja. Kila mmoja ana baba ambaye neno lake ndiyo sheria ya nyumba. Kila mmoja hutoka katika nyumba hiyo, kwa kupelekwa au kwa kukimbia, na huko nje hutafuta jambo ambalo wahakiki wamezoea kuliita kujitambua. Vitabu hivi vimesomwa na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, na pamoja navyo imefundishwa fikira moja isiyotamkwa: ya kwamba nyumba ni ya baba, na kwamba binti hana budi ama kuivunja nyumba hiyo ama kuvunjwa nayo.

Fikira hiyo haifai kuachwa bila kupimwa, na mizani ya kuipimia ipo. Mkotokuyana ni kata ya wilaya ya Nachingwea, katika mkoa wa Lindi. Nchi hiyo ya Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya Wamwera, na pamoja nao wamechanganyika Wamakua, Wayao na Wamakonde. Makabila haya yote manne, kwa desturi yao ya asili, huhesabu ukoo upande wa mama. Msomaji wa nje huijua Nachingwea, kama aijua, kwa sababu ya mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kula fedha nyingi na kuzaa karanga chache. Au kwa sababu ya kambi ya FRELIMO iliyokuwapo huko wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Lakini jambo lililo kubwa zaidi kwa habari za mabinti ni hili la ukoo, nalo halikuandikwa katika magazeti ya London.

Mtoto wa Kimwera alikuwa wa ukoo wa mama yake. Mwenye amri juu yake katika mambo mazito, yaani posa, deni, fidia na urithi, alikuwa mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Baba alipendwa, aliheshimiwa, alilima, alilisha. Lakini alikuwa mtu wa ukoo mwingine, na kwa desturi ya zamani ndiye aliyehamia kwa wakwe zake, au aliyewatumikia kwanza kabla ya kuruhusiwa kumchukua mke. J. A. R. Wembah-Rashid, mtaalamu wa mambo ya kale na mwenyeji wa kusini, aliyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya historia ya makabila ya kusini mashariki yanayofuata ukoo wa mama. Baba wa namna ya Zakaria, aliye katika Rosa Mistika, anayempiga mke na kumpiga binti bila mtu wa kumwuliza, angepata taabu katika kijiji cha namna hiyo. Si kwamba wanaume wa huko walikuwa na tabia njema kuliko wa Ukerewe, maana ulevi na ghadhabu havina kabila. Ila angekuwa anapiga watu wa ukoo wa wenyewe, katika uwanja wa wenyewe, mbele ya wajomba.

Haifai, hata hivyo, kuifanya nchi hiyo pepo ya wanawake. Mjomba aliyekuwa na haki ya kumlinda mpwa wake ndiye pia, katika nyakati za njaa na za deni, aliyekuwa na uwezo wa kumweka rehani. Ukoo wa mama si utawala wa mama. Mambo makubwa yaliamuliwa na wanaume; tofauti ni kwamba wanaume hao walikuwa ndugu wa mama, si mume wake. Basi, swali la kuuliza ni binti aliumizwa wapi, na alipoumizwa alikwenda wapi.

Katika jambo hilo lugha yenyewe yatoa ushahidi. Neno kujitambua lina kiambishi -ji-, kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. Msamiati wa wahakiki wa riwaya umejaa vitenzi vya umbo hili: mhusika hujitambua, hujikomboa, hujitegemea, hujinasua. Rosa, mwisho wa yote, ajiua. Mtu na nafsi yake, hapana wa tatu. Ama msamiati wa unyago, ambao ndio chuo cha msichana katika nchi ya kusini, umejengwa kwa kauli ya kutendwa. Mwali huwekwa ndani, hufundwa, huchezwa ngoma, hutolewa. Anayemfunda ni kungwi au somo. Wanaomcheza ni wanawake wa mahali pote. Anapotolewa hutolewa mbele ya watu, na watu ndio wanaokiri ya kuwa huyu sasa ni mtu mwingine. Elimu ya nafsi yake haitoki ndani yake kama maji ya chemchemi. Hutiwa na vinywa vya wengine, naye huipokea na kuitunza, na siku moja atamtilia mwingine.

Mtu wa siku hizi, aliyesoma, aweza kuudhika na kauli hiyo ya kutendwa, na sababu anayo. Unyago umelaumiwa, hata na wenyeji wa mkoa wa Lindi wenyewe, kwa kuwachezesha watoto wadogo mno na kuwafundisha mambo ya ndoa kabla hawajamaliza shule ya msingi. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini lawama juu ya umri wa mwali ni jambo moja, na umbo la elimu ile ni jambo jingine. Padre Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wake wa kwanza mwaka 1926, aliitambua tofauti hiyo. Hakupiga marufuku jando. Aliichukua akaitia katika Kanisa, kwa sababu aliona ya kuwa kijana asiyepita jandoni hana mahali pa kusimama mbele ya wenzake. Naye Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari katika nchi hiyo hiyo kabla ya kuwa mtaalamu mashuhuri wa ushairi wa Kiswahili, aliandika mwaka 1944 juu ya jando na unyago wa Wamakonde, na mwaka 1950 akatoa sarufi ya Kimwera. Ni bahati njema kwamba mtu mmoja alishughulika na mambo yote mawili, vitenzi vya Wamwera na kufundwa kwa jirani zao.

Sasa ifuatwe historia ya binti katika maandishi, maana riwaya za 1971 na baadaye hazikuzuka katika uwanja mtupu.

Binti wa kwanza aliye mashuhuri katika fasihi ya Kiswahili hasemi neno. Huyo ni Mwana Hashima, aliyetungiwa utendi na mama yake, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, yapata mwaka 1858. Mama ni mgonjwa, ajua kwamba ataondoka duniani, naye amwita binti aketi karibu, achukue wino na karatasi, asikilize. Utendi ule umesifiwa kama hazina ya adabu, na katika miaka ya karibu umelaumiwa kama kitabu cha utumwa wa mke kwa mume. Jambo moja halikutazamwa sana: kwamba ni wasia wa mama kwa binti, katika jamii iliyohesabu nasaba kwa baba. Huyu naye afundwa. Ni unyago wa maandishi, wa nyumba ya kiungwana, bila ngoma. Na kungwi ni mama mwenyewe, jambo ambalo katika nchi ya kusini lisingependeza, maana huko mambo hayo husemwa na kinywa cha mwanamke mwingine.

Katika miaka iyo hiyo, mbali na Pate, binti mwingine alikuwa anapitishwa katika njia ya kwenda pwani. Jina lake Swema. Alikuwa msichana wa Kiyao, na habari zake zilisimuliwa naye mwenyewe Unguja, zikaandikwa na Padre Anton Horner, mkuu wa misheni ya Wakatoliki kisiwani, kisha zikachapwa Paris mwaka 1870 kwa Kifaransa na Jean-Joseph Gaume. Edward Alpers, mwanahistoria wa Marekani, alizirudisha mbele ya wasomaji mwaka 1983, katika kitabu kikubwa juu ya wanawake na utumwa katika Afrika. Habari yenyewe ni hii. Baba wa Swema alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Maafa yakafuatana, ndugu zake wakafa, shamba likaharibika. Mama, mjane asiye na msaada, alikopa nafaka, akashindwa kulipa. Mdai akamtwaa binti kwa deni, akamwuza kwa msafara. Mama akaomba afuatane na mwanawe, akakubaliwa. Lakini njiani nguvu zikamwisha, akaachwa nyuma afe, na binti akasukumwa mbele kwa fimbo. Swema alifika Kilwa, akapakiwa jahazini, akafika Unguja akiwa kama maiti. Mwenye mali aliona hafai kulipiwa ushuru wala chakula, basi akaviringishwa katika jamvi na kufukiwa katika shimo lisilo refu. Mpita njia, kijana wa kutoka kisiwa cha Réunion, alisikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Habari hii, ijapokuwa ni ya kweli, imeandikwa kwa umbo la hadithi, na lengo la waandishi lilikuwa kuwafanya Wakristo wa Ulaya walie na kutoa sadaka. Hapana shaka Swema wa kitabu asema maneno mengine ambayo Swema wa Unguja hakuyasema. Kilele cha kitabu si kufukuliwa kwake, bali siku aliyotakiwa kumsamehe mtu wa msafara ule ule, aliyeletwa hospitalini kwa masista akiwa amejeruhiwa. Kwa macho ya misheni, hapo ndipo msichana alipojitambua: aliposhinda chuki, akastahili kubatizwa.

Lakini msomaji wa Nachingwea ataona jambo jingine, na ndilo Alpers naye alilolikazia. Je, wajomba walikuwa wapi? Mjane wa Kiyao mwenye mtoto hakupaswa kuwa peke yake na mdai. Alipaswa kuwa katikati ya ndugu zake, wa kumlipia deni au wa kumzuia mdai asiguse mtoto. Msiba wa Swema haukuanzia katika ukali wa baba. Baba yake alimpenda, na kifo chake ndicho kilichofungua mlango wa balaa. Ulianzia katika kutengwa na ukoo wa mama. Wanawake waliokamatwa zaidi katika nchi ile, katika karne ile ya misafara, walikuwa ni wale waliokuwa mbali na watu wao: wajane, wageni, watoto wa watumwa, wake waliotekwa vitani. Mtu asiye na ukoo aliweza kuuzwa kwa sababu hapakuwa na wa kuuliza bei. Katika nchi hiyo, basi, jeraha la binti ni kukatwa kutoka kwa watu, na hakuna kujitambua kwa msichana asiyetambuliwa na mtu.

Mwaka ule ule wa 1870, London, Edward Steere alichapa mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, Steere huyo huyo, akiwa askofu, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, kwa nia ya kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Hawakufika ziwani. Walisimama Masasi, kusini ya Nachingwea ya leo, wakajenga hapo. Masasi haikuwa kwao, lakini ilikuwa karibu na kwao kuliko Unguja, na kwa watu waliouzwa watotoni tofauti hiyo haikuwa ndogo. Wanawake wa kundi lile waliolewa, walizaa, walianza ukoo upya katika nchi ambayo mtu bila ukoo wa mama ni kama fumbo lisilo na jibu. Kisa cha namna hiyo chatosha riwaya tatu.

Wengi zaidi hawakurudi. Walibaki visiwani, mashambani kwa mikarafuu na majikoni kwa mabwana, na pamoja nao ulibaki unyago. Unyago wa Unguja ni mali iliyoletwa na wanawake wa bara, hasa wa kusini: Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wanyasa. Katika karne ya ishirini ulikwisha kuwa unyago wa watu wote, na mwali wa Kihadimu au mwenye damu ya Kiarabu aliweza kufundwa na kungwi ambaye bibi yake aliletwa kwa jahazi kutoka Kilwa. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana duniani kwa jina la Bi Kidude na kufariki mwaka 2013, aliwaimbia watu taarabu katika nchi nyingi za Ulaya. Lakini nyumbani heshima yake kubwa ilikuwa ya ngoma ya unyago, na mabinti wengi wa mjini walipita mikononi mwake.

Siti binti Saad, ambaye habari za maisha yake ziliandikwa na Shaaban Robert na kutoka mwaka 1958, yafaa kutajwa hapa kwa jina lake tu. Alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi, alipewa baadaye mjini kwa ajili ya uimbaji wake. Mtumwa akawa Siti. Na wasifu wote uliotungwa na Shaaban Robert waweza kusomwa kama maelezo marefu ya badiliko hilo moja. Hata hivyo sehemu ya pili ya jina haikubadilika. Binti ni neno tulivu sana katika Kiswahili, lakini limebeba nasaba: huuliza, wa nani? na hungoja jina la mwanamume. Neno mwana, lililo la asili ya Kibantu, haliulizi hivyo. Aitwaye mwana aweza kuwa wa mama, wa baba, au wa mji.

Kwa nuru hii riwaya zile tatu zaweza kusomwa upya.

Rosa Mistika imewekwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, nyumbani kwa mwandishi mwenyewe, na Wakerewe ni watu wa ukoo wa baba. Zakaria ni mlevi. Humpiga mkewe Regina, na humpiga Rosa kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa akua bila kujua namna ya kusema na mwanamume. Apatapo uhuru wa shule na chuo, uhuru huo wamzidi, na mwisho ajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni mara baada ya kutoka, kwa ajili ya uwazi wake juu ya mambo ya mwili; baadaye kikarudi madarasani. Mara nyingi hufundishwa kama onyo kwa wazazi wakali. Lakini kuna pengo ndani yake ambalo onyo hilo hulifunika. Katika maisha yote ya Rosa hapana mtu mzima wa kumfunda. Mama yake ni mwema na dhaifu. Anaungua katika moto ule ule. Walimu humfundisha masomo, na wengine wao humtamani. Hana somo, hana shangazi wa maana, hana bibi. Kezilahabi, aliyekuwa kijana wa miaka 27 kitabu kilipotoka, aliona vizuri kuliko wahakiki wake ya kwamba shule ilikuwa imechukua mahali pa malezi ya zamani bila kuichukua kazi yake. Ukali wa Zakaria ulianza balaa. Upweke wa Rosa uliimaliza.

Nyota ya Rehema yaelekea upande mwingine. Rehema ni binti wa Fuad, mwenye mashamba wa nasaba ya Kiarabu, naye amezaliwa na rangi ambayo baba aitilia shaka. Hapa baba humkana mtoto. Kosa lake Rehema ni kufanana na upande usiotakiwa. Katika nchi ya ukoo wa mama shaka hiyo isingekuwa na makali: mtoto wa mwanamke ni wa ukoo wa mwanamke huyo, na rangi ya baba ni habari ya baba. Visiwani, ambako nasaba, ardhi na rangi vilifungwa pamoja, mtoto aliyekanwa na baba alikuwa amekanwa na dunia. Rehema akimbia, ateswa, azunguka, na mwisho apata mahali kwa Sulubu, mtu wa jembe asiye na jina kubwa. Mwandishi hamfanyi Sulubu mkombozi wa kupanda farasi. Amfanya mtu anayemtambua. Na linapotokea tena suala la shamba na la urithi wa Fuad, maafa hurudi, kwa sababu Rehema amekwisha kujijua lakini karatasi za ardhi bado hazimjui.

Katika Utengano jambo hili limefika mbali zaidi. Maksuudi ni mtu wa siasa, mwenye cheo na mali, na mali yenyewe haikupatikana kwa halali. Binti yake Maimuna amefungiwa ndani asione watu. Hakuwekwa ndani kama mwali. Tofauti ni kubwa. Mwali huwekwa ndani ili afundwe na atolewe. Maimuna amefungiwa ili asijue lolote, na siku ya kutolewa haikupangwa. Utawa wa Maksuudi ni kama kumbi la unyago lililong'olewa kungwi likaachiwa komeo. Siku mama yake, Tamima, anapopata uchungu na baba hayupo, wanawake wanaingia: Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, na Farashuu, mkunga mzee mwenye kisasi chake na Maksuudi. Kwa mara ya kwanza nyumba ile imejaa wanawake wenye kazi yao wenyewe. Baba arudipo hupiga na kutaliki. Na Maimuna, aliyekwisha kuona kwamba ngome ina mlango, atoroka.

Anaotoka kwao si watu wema sana, wala anakokwenda si pema. Farashuu ana chuki, na chuki hiyo inamtumia msichana. Mjini Maimuna aingia katika maisha ya danguro na ya baa, na Said Ahmed Mohamed hayapambi maisha hayo. Lakini yafaa kutazama nani anayefungua kila mlango katika kitabu hiki: mtumishi, mkunga, mwenye danguro, wote wanawake wa tabaka la chini, wa namna ile ambayo katika Unguja ya kweli ilitunza unyago na ngoma zake. Mwandishi hasemi kwamba Biti Kocho ni mjukuu wa mtu wa kusini, wala si lazima awe alifikiri hivyo. Inatosha kwamba elimu ya binti wa tajiri yatoka mikononi mwa wanawake ambao tajiri hawahesabu kuwa watu. Ni unyago ulioharibika, usio na adabu wala mpaka. Lakini umbo lake ni lile. Maimuna huingizwa, hufunzwa, hubadilishwa, na mwisho hutolewa, hata akafikia kuolewa na Kabi kwa hiari yake mwenyewe. Wahakiki husema amejitambua. Ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba amefundwa vibaya na watu wengi, kisha akachagua nini cha kushika katika mafundisho yao. Hapo -ji- yapata maana yake halali: huja mwisho, baada ya kutendwa.

Jambo hili si la vitabu peke yake. Katika miaka ambayo riwaya hizi zilitungwa, sheria ya nchi nayo ilikuwa ikiandika nyumba moja kwa watu wote. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizokusanywa na kuandikwa, na mila zilizotangazwa zilikuwa za makabila ya ukoo wa baba. Za ukoo wa mama hazikuandikwa kwa namna hiyo. Katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza kwa njia nyingine. Uislamu, ulioenea sana huko baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ulileta urithi wa baba kwa watoto wake, binti akipata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mkorosho nao ulisaidia kazi hiyo. Shamba la mtama likiachwa hurudi kuwa msitu, na halina ugomvi. Mkorosho hubaki miaka mingi, na mwanamume aliyeupanda kwa jasho lake, na kwa jasho la mkewe na wanawe, hakupenda uende kwa mpwa. Hivyo baba wa kusini alianza kuwa baba wa namna ya riwaya, mwenye mali ya kuachia watoto na kwa hiyo mwenye sauti juu yao. Binti alipata kitu ambacho bibi yake hakuwa nacho, yaani fungu katika mali ya baba. Akapoteza kitu ambacho bibi yake alikuwa nacho: mahali ambapo hakuhitaji kuomba fungu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini haikusema ni kwa upande upi wa ukoo ataidai.

Kisha ikaja Sheria ya Ndoa, mwaka 1971. Sheria hiyo ilifanya mengi mema, ikaziweka ndoa za dini zote na za mila chini ya paa moja. Lakini iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mvulana akiwa na 18. Na katika kifungu cha 17 ikaeleza ni nani wa kutoa idhini kwa msichana asiyetimiza miaka 18. Wa kwanza ni baba. Baba akiwa amekufa, ni mama. Wakiwa wamekufa wote wawili, ni mlezi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibisha hukumu hiyo. Mabishano mahakamani yalikuwa juu ya umri na juu ya usawa wa wasichana na wavulana, kama ilivyopasa. Ule utaratibu wa idhini haukumshangaza mtu. Mjomba, ambaye katika Mkotokuyana ya zamani ndiye angeitwa kwanza posa ilipoletwa, hakuandikwa katika sheria hata mwishoni.

Rosa Mistika ilitoka mwaka ule ule. Katika kurasa zake za mwisho Zakaria na Rosa, wote wawili wakiwa wamekufa, wanashtakiana mbele ya Mungu: baba amlaumu binti, binti amlaumu baba, kila mmoja akitaka ijulikane ni nani aliyeiharibu nyumba. Ni baraza la watu wawili na hakimu. Hakuna mtu wa ukoo wa Regina aliyeitwa kutoa ushahidi.